Njia ya Panya Haichagui Mzigo



Leo, Septemba 21, 2025, ni Dominika ya 25 ya Mwaka C wa Kanisa. Ingekuwa siku ya kawaida ya wiki tungeadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Mathayo, Mtume na Mwinjili, kwa kuwa tarehe yake ndiyo hii. Dominika imechukua nafasi yake, lakini naona Mathayo hajaondoka kabisa. Masomo yote matatu ya leo yanagusa mambo aliyoyajua vizuri kabla Bwana hajamwita. Nabii Amosi anazungumza juu ya mizani na bei. Mtume Paulo anamwagiza Timoteo kuwaombea wenye mamlaka. Na Injili ya Luka inatuletea wakili mjanja aliyechezea hati za wadeni wa bwana wake.

Mathayo alikuwa mtoza ushuru. Tulipokuwa seminarini, mwalimu wetu wa Maandiko Matakatifu alitueleza jambo ambalo sijalisahau. Kapernaumu, mji aliokaa Mathayo, ulikuwa karibu na mpaka kati ya eneo la Herode Antipa na eneo la ndugu yake Filipo. Wafanyabiashara walivuka hapo na samaki, nafaka na nguo. Kwa hiyo ile meza ambayo Yesu alimkuta Mathayo ameketi inawezekana kabisa ilikuwa meza ya forodha, mahali ambapo mzigo hufunguliwa, huulizwa umetoka wapi, na mwenye mzigo hulipa kabla ya kupita.

Sisi watu wa Kibondo na Kasulu tunaifahamu meza hiyo. Tunaishi ubavuni mwa Burundi. Kibondo wana Mabamba. Watu wa Kasulu hushuka Manyovu, ambayo sasa ipo Wilaya ya Buhigwe, iliyokuwa sehemu ya Kasulu hadi mwaka 2012. Katikati ya vituo hivyo kuna mabonde, mashamba, vijito na Mto Malagarasi. Lugha ya ng'ambo na Kiha chetu zinasikilizana, na wapo waliooana huku na huko. Soko la upande mmoja likiwa na uhaba wa kitu, upande wa pili unajua kabla jua halijazama. Sabuni, sukari, vitenge, maharage, mawese na madumu ya petroli huvuka. Sehemu hupita mezani, na sehemu hupita njia za panya.

Nataka leo nitafakari nanyi juu ya njia hizo za panya. Sababu yake ni kijana mmoja. Nitabadilisha mambo machache ili asitambulike, na mama yake ameniruhusu niseme.

Miezi michache iliyopita, baada ya Misa ya kwanza, mama huyo alinifuata sakristia. Ni mwanajumuiya mwaminifu, asiyekosa kuleta fungu lake la kupamba altare wala zamu yake ya kufagia kanisa. Aliniambia, "Padri, mtoto wangu amekamatwa. Wanasema alibeba bangi. Mtoto huyu hata sigara havuti."

Nikamuuliza alikuwa amelipwa kiasi gani.

"Elfu kumi na tano, Padri. Ya kufikisha boksi stendi tu."

Nilikwenda kumwona mahabusu. Ni dereva wa bodaboda, ana miaka ishirini na kitu, na nilimpa Komunyo ya Kwanza mimi mwenyewe. Alinieleza bila kuficha. Kwa karibu miaka miwili alikuwa akibebea watu mizigo midogo kutoka upande wa mpakani kwa njia za porini. Mara nyingi ilikuwa sabuni, vitenge au sukari. Hakuona kosa kubwa, kwa sababu wenye mizigo walikuwa mama zake na shangazi zake. Siku hiyo alipewa boksi lililofungwa vizuri kwa utepe. Juu kulikuwa na sabuni. Chini ya sabuni kulikuwa na bangi iliyoshindiliwa.

Nilimuuliza, "Mwanangu, kwa nini hukufungua boksi?"

Akainama, akasema, "Padri, ile njia hatuulizani."

Nimekaa na neno hilo tangu siku hiyo. Katika meza ya forodha mtu huulizwa: mzigo ni nini, ni wa nani, umetoka wapi, una thamani gani. Tunayachukia maswali hayo kwa sababu yanatuchelewesha na wakati mwingine yanatugharimu. Lakini maswali hayo hayo ndiyo yanayomtenganisha mama wa sabuni na muuza bangi. Njia ya panya haina maswali. Ndiyo maana mama wa sabuni anaipenda, na ndiyo maana muuza bangi anaipenda zaidi.

Fikiria, ndugu msomaji. Kama njia ile ingepitwa na wauza bangi peke yao, ingejulikana ndani ya wiki moja. Mtu mmoja akionekana porini alfajiri na boksi, kijiji kizima kingeuliza. Kinachomficha ni wingi wetu. Wakipita akina mama ishirini na sabuni, wa ishirini na moja hatazamwi. Sisi wenye mizigo isiyo na hatia ndio tumekuwa kichaka chake. Tunampa njia iliyokwisha kukanyagwa, vijana waliokwisha kuzoea kutouliza, na majirani waliokwisha kuzoea kunyamaza.

Jambo hili si la Kigoma peke yake. Wiki tatu zilizopita, Agosti 29, Marekani iliondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vidogo vinavyoingia nchini humo kutoka nchi zote za dunia. Tangu mwaka 2016 kifurushi chenye thamani isiyozidi dola 800 kiliingia bila ushuru. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa dola 200. Vifurushi kutoka China na Hong Kong viliondolewa kwanza, Mei 2 mwaka huu. Sababu mojawapo iliyotolewa na serikali yao ni dawa za kulevya. Walisema fentanili, dawa kali inayoua watu wengi kwao, na kemikali za kuitengenezea, hufichwa ndani ya vifurushi vidogo visivyokaguliwa kwa makini.

Matokeo yalionekana mara moja. Umoja wa Posta Duniani ulieleza kwamba siku ile msamaha ulipokoma, mizigo ya posta kwenda Marekani ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80 ukilinganisha na wiki moja kabla. Mashirika ya posta 88 yalisitisha huduma hiyo yote au sehemu yake, kwa sababu hayakujua ushuru ungekusanywaje na nani. Wengi wenu mna ndugu na marafiki waliopokelewa Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu pale Kasulu. Mnajua maana ya kutuma kitenge cha harusi au kupokea zawadi ya mtoto aliyezaliwa ugenini. Kitenge hicho nacho kimeingia katika vita ya fentanili.

Sisemi serikali ile haina haki ya kulinda watoto wake. Ina haki, na ina wajibu. Lakini hata huko wapo waliouliza swali la busara: ikiwa fentanili nyingi inayokamatwa hukamatwa kwenye mpaka wa Mexico, ndani ya magari yanayopita katika vituo halali, je, kuwatoza ushuru wenye vifurushi kutaifikia? Ushuru na ukaguzi ni vitu viwili. Ushuru hauoni kilicho ndani ya boksi. Anayeona ni mtu anayelifungua, au mbwa anayelinusa, au jirani anayetoa taarifa. Ushuru ukiwa mzito sana, au utaratibu ukiwa mgumu sana, unaweza hata kumsukuma mtu mwema aondoke mezani na kuingia porini, alipo mwovu.

Turudi nyumbani. Wengi hawajui sheria zetu zinasemaje, na kutokujua huko kunawagharimu. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Congo mwaka 2022. Bidhaa iliyolimwa au kutengenezwa ndani ya nchi za Jumuiya kwa kufuata kanuni zake haidaiwi ushuru wa forodha inapovuka kutoka nchi mwanachama kwenda nyingine. Kwa mfanyabiashara mdogo kuna utaratibu mwepesi zaidi. Mzigo wa bidhaa zilizoorodheshwa, wenye thamani isiyozidi dola 2,000, ambazo ni karibu shilingi milioni tano, hupitishwa kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachotolewa hapo hapo mpakani. Kodi nyingine za ndani na vibali, kama vile vya afya ya mimea, vinaweza kubaki. Lakini mama mwenye magunia mawili ya maharage hana sababu ya kujiona mhalifu.

Bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya zina hesabu nyingine. Tangu mwaka 2005 nchi zetu zilikubaliana viwango vya pamoja vya ushuru: sifuri, asilimia 10 na asilimia 25. Julai 2022 kikaongezwa kiwango cha asilimia 35 kwa bidhaa ambazo viwanda vyetu vinaweza kuzitengeneza, zikiwemo nguo na mafuta ya kula. Hapo ndipo kitenge kilichotoka mbali kinapopata kishawishi cha kupita porini. Mtu anapiga hesabu, anaongeza na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na njia ya panya inaanza kupendeza machoni pake kama lile tunda la bustanini.

Sasa, je, magendo ni dhambi? Nimeulizwa swali hili mara nyingi, na wanaouliza hawatanii. Nijibu kwa unyofu. Wapo wanateolojia wa maadili wa zamani waliofundisha kwamba baadhi ya sheria, hasa za ushuru, ni sheria za adhabu tu. Maana yake, ukikamatwa ulipe faini, usipokamatwa dhamiri yako iko salama. Mafundisho hayo yaliwafariji watu wengi wa mipakani huko Ulaya. Lakini Kanisa halikubaki hapo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, namba 30, unawakemea wale wasioona aibu kukwepa kodi za haki kwa hila. Katekisimu, namba 2240, inafundisha kwamba kulipa kodi ni wajibu wa kimaadili, na namba 2409 inaweka ukwepaji wa kodi pamoja na makosa dhidi ya amri ya saba, ile inayosema tusiibe. Barabara ya lami inayotuunganisha na Nyakanazi, chanjo ya watoto zahanati, dawati la mwanafunzi wa shule ya kata, vyote hivyo vinahitaji kodi.

Angalieni hata hivyo neno hilo dogo: kodi za haki. Kanisa halimwambii mtawala kwamba chochote atakachotoza ni kitakatifu. Yohane Mbatizaji alipoulizwa na watoza ushuru wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kile walichoamriwa. Kwa hiyo wajibu una pande mbili. Raia asikwepe kilicho cha haki, na mtumishi asidai kilicho zaidi.

Kuhusu dawa za kulevya hakuna pande mbili. Katekisimu, namba 2291, inasema kuzitengeneza kwa siri na kuzisafirisha ni kushiriki moja kwa moja katika uovu. Sheria ya nchi nayo ni kali. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyorekebishwa mwaka 2017, inaweza kumpeleka msafirishaji kifungo cha maisha. Na vijana mnisikie: mahakamani kusema "sikujua kilichomo" pekee hakumtoi mtu kirahisi. Aliyekupa boksi hatakuja kukutetea. Simu yake siku hiyo haitapatikana. Ya yule kijana wetu haijapatikana mpaka leo.

Somo la kwanza linatupeleka mahali pengine tena. Amosi, mchungaji wa mifugo kutoka Tekoa, anawageukia matajiri wa Samaria. Anawaona wakihesabu saa ili siku takatifu ipite wakafungue maghala. Wanapunguza kipimo, wanaongeza bei, wanaipotosha mizani, wanamnunua maskini kwa bei ya jozi ya viatu. Na Mungu anaapa kwamba hatasahau hata moja ya matendo yao.

Naitazama bei ya jozi ya viatu, na naikumbuka ile elfu kumi na tano. Kijana mzima, mwenye mama na ndoto ya kununua pikipiki yake mwenyewe, amenunuliwa kwa bei ya viatu vya mtumba. Aliyemnunua hakupanda pikipiki wala hakulala mahabusu. Ndivyo biashara hii inavyofanya kazi kila mahali. Mwenye mzigo hubaki mbali, na mwenye njaa hubeba.

Mzigo mkubwa nao upo, wala haupiti kwa bodaboda. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata zaidi ya tani tatu za heroini na methamfetamini katika Dar es Salaam na Iringa. Tani tatu! Hazikubebwa kichwani na mama wa Mabamba. Zilikuwa na fedha, magari, maghala na watu wanaojua kufunga mzigo. Pongezi kwa waliozikamata. Lakini ninyi mnaotumikia mpakani na barabarani, jiulizeni mbele ya Mungu: nguvu tunayoitumia kufungua kikapu cha mama inalingana na nguvu tunayoitumia kufungua kontena la mwenye fedha? Askari anayemnyang'anya mama kilo tano za sukari asubuhi, kisha jioni anafungua kizuizi kwa gari asilolikagua kwa sababu ya bahasha, huyo Amosi alikuwa akimzungumza yeye.

Kuna uovu mwingine wa kimyakimya, nao ni kumfanya mtu wa haki achoke. Mama anakuja mezani na maharage yake, anaambiwa asubiri, arudi kesho, anayehusika hayupo, aongeze "ya chai". Safari ya tatu atapita porini. Aliyemchosha amemtengenezea muuza bangi msindikizaji. Natamani kila kituo chetu cha mpakani kiwe na tangazo kubwa la Kiswahili, lenye herufi za kusomeka, linaloeleza bidhaa zipi zinapita bure, zipi zinalipiwa kiasi gani, na cheti rahisi kinapatikana dirisha gani.  Wakati wa kampeni wagombea hupita vijijini mwetu na ahadi za maji na umeme. Waulizeni pia na hili.

Sasa niingie ndani ya nyumba yetu wenyewe, maana ni rahisi kumhubiria afisa wa forodha ambaye hayupo kanisani. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia niliyokuwa nikihudumu, kwaya ilitaka sare mpya kwa ajili ya jubilei. Akaja mtu mwenye vitenge vizuri, kwa bei ya chini kuliko dukani. Mwenyekiti wa kwaya alifurahi, nami nilifurahi. Hakuna aliyeomba risiti. Hakuna aliyeuliza kwa nini ni bei hiyo. Tulivibariki, tukaimba navyo Gloria, na picha ikatundikwa ofisini. Leo nikiitazama ile picha najua kwamba mimi, paroko, nilikuwa mnunuzi wa njia ya panya. Nilikuwa nimekwisha kumfundisha yule kijana kutouliza, kabla muuza bangi hajamfundisha.

Na harambee zetu je? Anasimama mtu, anatoa milioni kwa mkupuo, tunampigia vigelegele na kumpa kiti cha mbele. Mjane akitoa elfu moja tunasema asante kwa sauti ya chini. Tunajua mjane ameipata wapi elfu yake, ameuza mihogo. Yule wa milioni hatumwulizi. Sisemi kila mwenye fedha ni mhalifu, Mungu anisamehe. Nasema tu kwamba kutouliza kumekuwa adabu yetu, na adabu hiyo imeingia hadi altareni.

Ndipo Injili ya leo inapotupata. Wakili yule hakusifiwa kwa wizi wake. Alisifiwa kwa sababu alipoona hatari aliamka, akafikiri, akatenda haraka. Bwana anasikitika kwamba watu wa dunia hii wana akili katika mambo yao kuliko wana wa nuru katika mambo yao. Muuza bangi ameketi na kufikiri: vijana gani hawana kazi, njia gani haikaguliwi, sabuni gani inaficha harufu. Sisi wana wa nuru, tumeketi lini kufikiri jinsi ya kuwaokoa vijana hao? Kisha Bwana anaongeza kwamba aliye mwaminifu katika jambo dogo sana huwa mwaminifu hata katika kubwa, na aliye dhalimu katika dogo huwa dhalimu hata katika kubwa. Wengi tunalisoma neno hili tukifikiria fedha za serikali. Lisome leo ukifikiria boksi la sabuni.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nakuomba tufanye mambo machache wiki hii, yanayowezekana.

Wewe kijana wa bodaboda, na wewe kondakta na wakala wa mizigo stendi: usibebe mzigo ambao hukuuona ukifungwa. Mwenye mzigo akikataa kufungua, mwachie mzigo wake, hata kama ni mjomba wako. Andika kilicho ndani, jina la mtumaji na namba yake. Neno "zawadi" kwenye karatasi ya basi halielezi kitu. Wahenga walitukataza kununua mbuzi ndani ya gunia. Kumbeba bila kumwona ni hatari zaidi, maana aliyenunua hupoteza fedha na aliyebeba hupoteza miaka.

Wewe mama mchuuzi: jiunge na wenzako watano au kumi, nendeni pamoja mezani, muulizie cheti rahisi, mpeane taarifa. Mtu mmoja akidaiwa chai hunyamaza. Kumi wakiuliza risiti kwa heshima, chai hupoa. Viongozi wa WAWATA na wa Jumuiya Ndogo Ndogo wanaweza kulipanga jambo hili kuliko mimi.

Wewe mzazi: mtoto akileta fedha ambayo kazi yake haiwezi kuileta, usishukuru haraka. Muulize siku ileile, kwa upole. Mama yule aliniambia kwamba mwanawe alimnunulia blanketi na mfuko wa mbolea mwezi uliotangulia, naye akamwombea baraka. "Ningemuuliza, Padri," akasema. Sikuwa na jibu la kumpa, kwa kuwa nami sikuuliza vitenge.

Wewe mtumishi wa forodha au askari uliye Mkristo: Bwana alimkuta Mathayo mezani, na akamwita akiwa pale pale. Hakuna kazi iliyo chafu kiasi cha Yesu kushindwa kuikaribia. Toza kilichoandikwa, toa risiti, mkague mwenye gari kubwa kama unavyomkagua mwenye kikapu. Ukifanya hivyo, umewalinda watoto wa Kasulu kuliko mahubiri yangu ya mwaka mzima.

Na sisi mapadri, makatekista na viongozi wa kwaya: tuombe risiti. Tuanze na hilo.

Kuhusu walioanguka tayari, tusiwafungie mlango. Mtoto anayevuta bangi anahitaji mtu wa kuzungumza naye kabla hajahitaji polisi. Waliofika kwenye heroini wapo wanaopata tiba. Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikitoa methadoni kwa waathirika, na vituo vingine vimefuata. Aliye mahabusu anahitaji kutembelewa, na Mwinjili Mathayo huyo huyo, sura ya 25, anatuambia ni nani tunayemkuta tunapoingia humo.

Kesi ya kijana wetu bado inaendelea. Sijui itaishaje, wala sitaki kuisemea mahakama. Jumapili hii mama yake atakuwa katika benchi lake la tatu kutoka mbele, upande wa kushoto, na zamu ya kufagia ilikuwa yake jana. Alifagia.

Mtume Paulo anatuagiza leo tuombe kwa ajili ya watu wote, na kwa ajili ya wote wenye mamlaka, ili tuishi kwa utulivu na amani. Basi tuombe. Ee Bwana uliyemwita Mathayo kutoka meza ya ushuru, wape watawala wetu hekima ya kuweka sheria ambazo maskini anaweza kuzitii. Wape watumishi wa mpakani mikono safi. Wape vijana wetu kazi halali, na ujasiri wa kuuliza kilichomo ndani ya boksi. Utusamehe sisi tulionyamaza. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakia Dominika njema.